Nanga kwenye mnyororo: silaha ya mchezo wa mezani inavyoundwa kwa kompyuta

Mchezaji wangu alitaka nanga. Upanga hakuutaka, shoka hakulitaka. Alitaka nanga ya meli iliyofungwa kwenye mnyororo, aizungushe juu ya kichwa, amrushie adui, kisha amvute kama samaki. Orodha ya silaha kwenye kitabu cha kanuni haina kitu kama hicho. Nikafungua programu, nikabofya pa kuunda kitu kipya, nikakuta mbele yangu visanduku kumi na kitu, vyote vitupu, vinanisubiri. Nikavijaza haraka haraka na usiku huo huo tukacheza. Kufika mzunguko wa tatu, zimwi lililopaswa kututesa saa nzima lilikuwa chini, limenyooka. Mchezaji mwingine akanigeukia: "Kaka, hiyo nanga umeiwekea nini?"

Nilikuwa nimeiwekea makosa mawili ya hesabu. Nitayafikia.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na michezo mingi ya kuigiza wahusika iliyofuata imerithi umbo lake: mtu mmoja anasimamia ulimwengu wa hadithi, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake, na penye shaka kete ndizo zinazoamua. Kete zenyewe si zile za pande sita peke yake. Zipo za pande 4, 8, 10, 12 na 20, na wachezaji huziandika kwa mkato wa herufi d. Ukiona 2d6, ni kete mbili za pande sita zilizojumlishwa. 1d20 ni kete moja ya pande ishirini.

Katika toleo la tano la mchezo huo, lililotoka mwaka 2014 na ambalo ndilo ninalolitolea mifano humu, kupiga kwa silaha kuna hatua mbili. Unarusha 1d20, unaongeza nguvu na umahiri wa mhusika wako, unalinganisha na kiwango cha ulinzi cha adui. Ukikifikia, umempata, na hapo ndipo unarusha kete za madhara za silaha yenyewe. Kete ya kwanza ikionyesha 20, hilo ni pigo kuu na idadi ya kete za madhara inaongezeka maradufu. Mengine yote unayoyasikia kuhusu silaha za kichawi, miale, sumu, minong'ono ya pepo aliyefungiwa kwenye mpini, yanakaa juu ya hatua hizo mbili.

Mashine inasoma nini

Siku hizi kujumlisha tumeziachia programu. Roll20 na Foundry Virtual Tabletop ni meza za kidijitali: zina ramani, karatasi za wahusika, kete, kila kitu sehemu moja. D&D Beyond inatunza wahusika pamoja na kanuni. Zote zinakuruhusu uingize silaha yako mwenyewe. Kinachowachanganya wengi, nami nikiwemo, ni kwamba silaha ya kidijitali ni vitu viwili vilivyoshonwa pamoja. Kuna upande ambao mashine inausoma, na kuna upande ambao ni binadamu tu anayeusoma.

Upande wa mashine ni visanduku: kete za madhara, aina ya madhara, umbali wa kufikia, nyongeza ya kichawi, idadi ya chaji (mara ngapi uwezo maalumu wa silaha unaweza kutumika kabla ya kuisha). Upande wa binadamu ni lile boksi kubwa la maelezo chini, ambamo unaweza kuandika utenzi mzima kama una muda. Programu huonyesha maelezo hayo vizuri kabisa, kwa herufi nene ukitaka, lakini haiyaelewi hata neno moja.

Chukua moto. Ukiandika kwenye maelezo kwamba upanga wako unawaka, halafu kwenye kisanduku cha aina ya madhara ukaacha "kukata", umetengeneza upanga unaowaka kwa maneno tu. Ukimpiga kiumbe ambaye moto humdhuru nusu, mashine iliyowekwa kukokotoa madhara itampa kamili, kwa sababu kwa hesabu zake hakuna moto wowote. Kinyume chake pia hutokea: mtu anachagua "moto" kwenye kisanduku na kusahau kueleza kwamba upanga huwaka kwa amri tu. Matokeo yake ni silaha inayoungua hata ikiwa kwenye ala.

Sasa makosa yangu. Mhusika mwenye nanga ana nyongeza ya nguvu ya 3. Nikaandika kwenye kisanduku cha madhara: 1d10+3. Inaonekana sahihi, na kwenye karatasi ya kawaida ingekuwa sahihi. Ila programu ilikuwa tayari inaongeza ile 3 yenyewe kutoka kwenye karatasi ya mhusika, kimya kimya. Kila pigo likawa 1d10+3+3. Hili nadhani ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na ndugu yake wa karibu ni kuweka "+1" ya kichawi kwenye kisanduku chake kisha kuiandika tena kwenye fomula. Dawa yake ni dakika moja: rusha madhara mara moja kabla ya mchezo, kisha fungua matokeo uone mashine imejumlisha nini na nini. Ukiona namba ile ile imesimama mara mbili, umemkamata mwizi.

Kosa la pili halikuwa la programu. Niliipa nanga 1d6 zaidi ya madhara ya baridi, "baridi ya kilindini", kwa sababu maneno yalinipendeza.

Kabla ya jina, hesabu

Watu huanza na jina na picha, halafu namba wanazitia mwishoni kama chumvi. Mimi nimejifunza kuanza na namba, na siyo lazima uwe mtaalamu wa hisabati. Unahitaji mfano mmoja unaoushikilia kila mara. Wangu ni huu: mhusika wa ngazi ya kwanza mwenye nguvu 3 na umahiri 2, anampiga adui mwenye ulinzi 15. Anaongeza 5 kwenye 1d20, kwa hiyo anahitaji 10 au zaidi. Namba 11 kati ya 20 zinamfaa. Ni asilimia 55.

Nanga yenye 1d10 ina wastani wa 5.5, jumlisha nguvu 3 unapata 8.5. Zidisha kwa 0.55, ongeza kile kidogo kinacholetwa na pigo kuu, na kila shambulio linakuwa na thamani ya madhara 4.95 kwa wastani. Hiyo 4.95 ndiyo mizani yangu. Kila ninachotaka kuongeza nakiweka juu yake nione mkono unakwenda wapi.

Ile 3 iliyojirudia? Inaipandisha hadi 6.6, yaani theluthi nzima zaidi. Ukiongeza na baridi ya kilindini inafika 8.7. Nilikuwa nimempa mtu mmoja silaha inayokaribia mbili, halafu nikashangaa zimwi kufa.

Nyongeza za kawaida nazo zina siri zake. "+1" inaonekana kitu kidogo mno, lakini inafanya kazi mara mbili, kwenye kupata na kwenye kuumiza, na inaipandisha nanga hadi kama 5.98. Hiyo ni asilimia 21 hivi. Ndiyo maana kitabu kinaitenga silaha ya +1 na ile ya +3 kwa ngazi za uadimu. Kuongeza 1d6 kwenye kila pigo kunafikisha 7.05, asilimia 42. Na ile ahadi inayowasisimua wachezaji kuliko zote, pigo kuu kwenye 19 na 20 badala ya 20 pekee? Inafika 5.23 tu. Haifiki hata asilimia 6. Ina kishindo kikubwa mezani na uzito mdogo kwenye mizani, kwa hiyo ni zawadi nzuri ya kumpa mtu mwenye kelele nyingi.

Ya kuogopa ni ile inayoonekana ya upole: kuruhusu mtu arushe 1d20 mbili kila shambulio na kuchukua kubwa. Asilimia 55 inaruka hadi karibu 80, na mapigo makuu yanakaribia kuongezeka maradufu. Nanga inakuwa na 7.3. Ukimpa mchezaji hilo bila kikomo, umempa zaidi ya ile 1d6, tena bila yeye kujua ashukuru nini.

Wastani hausemi kila kitu, lakini. 1d12 ina wastani wa 6.5 na 2d6 ina wastani wa 7; tofauti ni nusu tu. Ila 1d12 inatoa 12 mara moja katika kila 12, na 2d6 inatoa 12 mara moja katika kila 36. Ya kwanza ni silaha ya mcheza kamari, ya pili ni ya fundi anayetaka siku zake zifanane. Kama hesabu za namna hii zinakuchosha, tovuti ya AnyDice inakufanyia: unaandika output 2d6 na inakuchorea mgawanyo mzima. Mimi huichungulia hata pale ninapojua jibu, kwa sababu mchoro unaonyesha umbo la silaha kuliko namba yoyote.

Kisha kuna chaji, na hapa ndipo muundaji anapocheza kweli. Tuseme siku moja ya hadithi ina mashambulio 20. Silaha yenye 1d6 ya ziada kila pigo italeta kama madhara 42 ya ziada kwa siku nzima. Silaha nyingine haina ziada hiyo, ila ina chaji 3, na baada ya kumpata adui unaweza kutumia moja kuongeza 4d6. Wastani wa 4d6 ni 14. Mara tatu, 42. Jumla ni sawasawa. Lakini kwenye meza hazifanani hata kidogo. Ya kwanza inasahaulika, inakuwa namba inayojumlishwa na mashine. Ya pili inamfanya mtu asite, aangalie wenzake, aulize "nitumie sasa au nisubiri?" Mimi huchagua ya pili karibu kila mara. Na programu zinaipenda pia, maana chaji zina kisanduku chake: idadi, na lini zinarudi.

Nanga, kisanduku kwa kisanduku

Nilipoirudia nanga upya sikuanza na ukurasa mtupu. Nilichukua silaha iliyopo yenye tabia za karibu, mkuki mrefu wa askari wa miguu: 1d10, mikono miwili, nzito, unafika futi 10 badala ya 5. Nikaunakili, nikabadilisha aina ya madhara kutoka kudunga kuwa kuponda, nikabadilisha jina. Kuazima mifupa hivi kuna faida ambayo haionekani mara moja. Uwezo wa wahusika wanaojua kutumia silaha nzito au ndefu hutambua lebo hizo. Silaha uliyoijenga kutoka sifuri bila lebo inakuwa mgeni asiye na kitambulisho. Uwezo wa mhusika unaipita bila kuigusa.

Kuvuta ndiko kulikokuwa na utata. Namba yenyewe ni rahisi: 8, ongeza umahiri 2, ongeza nguvu 3, adui anahitaji kufikisha 13 kwa jaribio la nguvu, yaani 1d20 pamoja na nyongeza yake mwenyewe. Adui mwenye nyongeza ya 2 atashindwa nusu ya mara. Ukizidisha na ile 55, nanga inavuta mtu katika mashambulio kama 27 kati ya 100, idadi inayotosha kuonekana bila kuchosha. Jaribio hilo nililiweka upande wa mashine: baada ya pigo inatokea kitufe, anayemwongoza adui anabofya, 13 imeshaandikwa.

Kumsogeza adui kwenye ramani nikakuacha kwa mkono. Ndiyo, inawezekana kuandika makro, yaani amri fupi ambazo programu inazitekeleza yenyewe, ya kumburuta adui. Lakini makro haijui kwamba kati yenu kuna shimo, au meza, au mwenzako aliyejificha. Mtu anajua. Kazi inayohitaji macho iache kwa wenye macho.

Ndipo maelezo yakabeba mzigo wake, na huko maneno madogo ndiyo yenye nguvu. Niliandika hivi: "Mara moja kwa kila zamu yako, ukikipata kwa nanga kiumbe kisichozidi saizi Kubwa, unaweza kukilazimisha kijaribu Nguvu. Kikishindwa, unakivuta futi 5 moja kwa moja kuelekea kwako." Kila kipande kilitokana na ugomvi. "Mara moja kwa kila zamu" ni kwa sababu wapo wahusika wanaopiga mara mbili au tatu kwa zamu moja. "Kisichozidi saizi Kubwa" ni kwa sababu ya joka. "Unaweza" ni kwa sababu siku moja kuvuta kulikuwa kwa lazima, na mwenye nanga akalivuta zimwi hadi miguuni kwa mganga wetu. "Moja kwa moja kuelekea kwako" inazuia ujanja wa kumzungusha mtu hadi jabalini. Na futi 5 zilikuwa 10 hapo mwanzo, ila kumleta adui hatua mbili karibu kulikuwa kunamweka katikati ya watu wote kila mzunguko.

Baridi ya kilindini niliifuta. Maneno yake bado nayapenda.

Lugha moja, lahaja mbili

Ukianza kuandika fomula zako mwenyewe, jihadhari na jambo moja ambalo halitakuonya. Meza za kidijitali zinafanana mno katika namna ya kuandika kete. 2d20kh1 kwenye Roll20 ni kurusha mbili na kubaki na kubwa, na Foundry inaielewa vilevile. Unazoea, unanakili fomula huku na kule. Halafu unafika kwenye kurusha upya kete ndogo. Ukiandika 2d6r<2 kwenye Roll20, alama ile ya "ndogo kuliko" inajumlisha na namba yenyewe: kete yenye 1 au 2 inarushwa upya. Foundry inaisoma alama hiyo kama ilivyo kwenye hesabu za shule, hivyo ni 1 pekee inayorushwa; ukitaka na 2, unaandika r<=2. Fomula ni ile ile, silaha ni mbili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaojitokeza. Utaona tu kwamba shoka limekuwa butu tangu mhame meza.

Haki za kunakili nazo zina mpaka wake ulio wazi kuliko watu wanavyodhani. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano, pamoja na silaha za kawaida, zimetolewa chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu hata kuuza kazi yako, mradi utaje chanzo. Kwa meza yako mwenyewe hulazimiki kuliwaza hilo.

Picha nitazipita haraka. Krita na Inkscape zinatosha kwa mchoro, ni za bure, na picha ndogo ya mraba inatosha kwenye orodha ya vifaa vya mhusika. Lakini ukitaka kuichapa silaha kama kinyago cha kushikwa na mhusika wa plastiki, kuna hesabu moja ya kufanya kabla hujafungua Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu. Vinyago vya milimita 28 ni kama mara 60 chini ya mtu halisi. Upanga wenye unene wa milimita 5, ukiupunguza mara 60, unabaki na unene usiofika hata milimita 0.1. Printa ya kawaida ya uzi wa plastiki ina tundu la milimita 0.4. Haiwezi kuuchapa upanga huo, na hata ingeweza, ungevunjika kwa pumzi. Ndiyo sababu vinyago vyote unavyoviona vina mapanga manene kama makasia. Mnyororo wa nanga yangu niliunenepesha mara sita na bado pete mbili zilikatika.

Wiki iliyofuata tulirudi mezani na nanga iliyorekebishwa. Pigo la kwanza: 1d10+3+3. Nikafungua hazina ya silaha, nanga ilikuwa safi. Nikafungua karatasi ya mchezaji, nanga ilikuwa ile ya zamani. Ukiburuta silaha kutoka kwenye hazina ya Foundry na kuiweka kwa mhusika, kinachoingia ni nakala, na nakala haina habari na marekebisho unayoyafanya baadaye kwenye ile ya asili. Inabidi uifute na uilete upya. Tangu hapo namba ya toleo naiandika kwenye jina lenyewe, ili ionekane mbele ya kila mtu. Kwenye karatasi yake sasa pameandikwa "Nanga 4". Ya 5 iko njiani, kwa sababu ameanza kuniuliza kama inaweza kuvuta meli.